Elisabeth wa Austria alitembeaje baada ya kuchomwa moyoni?

Swali: Wakuu, mke wa Kaizari Franz Joseph alichomwa moyo Geneva tarehe 10 Septemba 1898, akainuka, akatembea hadi kwenye meli. Iliwezekanaje?

Jibu 1: Silaha ilikuwa tupa, imenolewa ncha na kutiwa mpini wa mbao. Ncha nyembamba hutoboa tundu dogo mno. Damu ilivuja polepole, ikakusanyika kwenye mfuko unaozunguka moyo hadi moyo ukabanwa, ukashindwa kusukuma. Yeye mwenyewe alidhani amepigwa ngumi tu. Alizimia melini, na walipomfungua koseti (vazi la ndani la kubana kiuno) ndipo wakaona kidoa cha damu kifuani. Meli ikageuzwa, akarudishwa Hoteli Beau-Rivage, akafia huko.

Jibu 2: Mkuu hapo juu, usiipite hiyo koseti haraka. Elisabeth alikuwa na urefu wa sm 172 na uzito wa kilo 50 hivi, na kiuno alikibana kweli kweli. Mkazo ule unaaminika ulipunguza uvujaji. Ulipolegezwa, ndiyo hivyo tena.

Jibu 3: Nyongeza: muuaji, Luigi Lucheni, mwanzoni hakumlenga Elisabeth. Alimtaka mwanamfalme wa Orléans, ila hakumpata mjini. Elisabeth alisafiri kwa jina bandia la Countess (cheo cha mwanamke wa kikabaila) wa Hohenembs, ila gazeti likafichua kuwa yupo mjini. Walinzi wa polisi alikuwa amewakataa. Inauma, maana alikuwa na msindikizaji mmoja tu, Countess Sztáray.