Kiambu: mashamba yakatwe ploti au yasikatwe?

MLETA MADA: Jumamosi nimetoka Githurai hadi Ruiru, na njia nzima ni kibao kile kile: ploti futi 50 kwa 100, hati iko tayari. Nyuma ya kibao kimoja kulikuwa na mibuni iliyosahauliwa, buni mbivu zinaanguka na hakuna wa kuzichuma. Tuna mtaa wa Kahawa Wendani, tuna mtaa wa Kahawa Sukari. Kahawa yenyewe imebaki jina. Na ni Ruiru hii hii iliyotupa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985!

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 kaunti hii ya Kiambu, ni Nairobi tu iliyotuzidi. Lazima walale mahali, sibishi. Ila udongo mwekundu wa namna ile ukishamwagiwa zege haurudi. Nasema shamba la kahawa au majani chai lisikatwe ploti, basi. Nani anapinga?

MKULIMA, GITHUNGURI: Mimi. Baba aliacha ekari tatu, nasi tuko sita. Nusu ekari ya kahawa inamsomesha nani? Unachuma, unabeba gunia hadi kiwandani, unangoja malipo mpaka unasahau ulipeleka kilo ngapi. Broka anakuja na pesa mkononi. Ukinikataza kuuza, nilipie karo. Mimi niling'oa mibuni nikapanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe, na ninao wanne. Maziwa angalau yana mwisho wa mwezi.

MLETA MADA: Mzee wangu, kwa karo umenishika. Lakini sheria ya kudhibiti ardhi ya kilimo ipo tangu 1967, na hukati shamba bila idhini ya bodi ya ardhi. Hizi ploti zote zilipitia wapi?

MPITA NJIA, JUJA: Hayo ya bodi sijui, mimi ni mnunuzi. Nilinunua 2014, barabara kuu ya Thika ikiwa bado mpya na kila mtu anakimbilia huku. Leo mfereji unatoa maji siku mbili kwa wiki. Kisima cha jirani na shimo la choo changu vimetenganishwa na ukuta wa mawe tu, na sukuma wiki nanunua ya kutoka Limuru. Mzee, kabla hujauza hiyo nepia, njoo kwanza uone choo changu.

MKULIMA, GITHUNGURI: Nitakuja. Lakini broka alipita hapa jana akaacha nambari, na sijaitupa.