Mrejesho: ile sentensi ya filamu yangu sasa imeshika

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini logilaini yangu, ile sentensi moja ya kumvuta prodyuza asome skripti, haimgusi mtu. Ilikuwa hivi: “Mjane jasiri anapambana na changamoto za maisha baada ya kufiwa na mumewe.”

Mmoja wenu akaniuliza swali lililoninyima usingizi: kinachomzuia ni nini hasa? Kumbe jibu lilikuwa ndani ya skripti, ukurasa wa 12. Mama huyu yuko eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani bila dharura. Nikaandika upya:

“Mjane aliye ndani ya eda anagundua kuwa muuaji wa mumewe ni shemeji anayemletea chakula kila jioni, na eda ikiisha ndiye atakayemuoa.”

“Jasiri” nimelifuta, ujasiri utaonekana wenyewe. “Changamoto za maisha” nazo nje, maana hazina sura.

Juzi nilimsomea prodyuza yuleyule aliyenikatalia. Akaweka simu chini, akauliza, “Sasa hicho chakula anakila?” Jana nimempelekea kurasa zote 94. Asanteni sana, hasa wewe uliyeuliza lile swali.