Mashine za kusikia za Babu: tununue wapi?

Kikundi: UKOO WA MZEE BAKARI

Salim (Tanga), 19:04
Asalaam aleikum wote. Shangazi shikamoo. Majibu ya kipimo cha Babu ndiyo haya, nayaandika kwa sababu picha imetoka giza.
Hz ni unene au wembamba wa sauti, na namba inayofuata ni desibeli anazoanzia kusikia: ikiwa kubwa, usikivu umepungua zaidi.
Kulia: 500 Hz ni 40, 1000 ni 45, 2000 ni 55, 4000 ni 65.
Kushoto: 45, 50, 60, 70.
Ngoma za masikio nzima, usaha hakuna. Kipimo cha mfupa kinakwenda sawa na cha hewa, yaani tatizo liko sikio la ndani.

Salim, 19:05
Bei tunazo mbili. Kliniki ya Dar 3,600,000 kwa jozi. Duka la hapa Tanga 1,900,000 kwa jozi. Da Mwanaidi, wewe ndiye mwenye fani ya usikivu, tuelekeze.

Shangazi Rehema, 19:09
Marahaba mwanangu. Kabla ya bei: nta ilitolewa ndipo akapimwa, au alipimwa nayo? Sikio likiziba, kipimo kinaonyesha upungufu usiokuwepo, na mashine itawekewa nguvu kupita mahitaji.

Salim, 19:10
Ilitolewa kwanza, Shangazi. Alidondoshewa mafuta ya zeituni siku kadhaa, kisha daktari wa masikio akasafisha.

Idrisa (Minneapolis), 19:16
Shikamoo Shangazi. Jamani, mbona tusinunue huku? Costco, yale maduka makubwa ya huku, jozi ni kama dola 1,600. Na zipo zile zinazouzwa bila kipimo, nyingine hazifiki dola 1,000. Desemba nakuja, natia begini.

Mwanaidi (Dar), 19:21
Kaka Idi, hizo ni njia mbili mbalimbali, na kwa Babu zote zina kasoro.
Zinazouzwa bila kipimo ziliruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kuanzia Oktoba 17, 2022, kwa mtu wa miaka 18 na zaidi ambaye upungufu wake ni mdogo hadi wa kati. Nguvu yake imewekewa ukomo: desibeli 111, au 117 kwa zile zinazojipunguza zenyewe sauti ikizidi.
Sasa piga wastani wa Babu. Kulia 40+45+55+65 gawa kwa 4 ni 51. Kushoto 56. Kwa ngazi za WHO za 2021, 35 hadi chini ya 50 ndiyo ya kati. Kuanzia 50 umeshaingia ngazi ya juu yake. Babu hayumo.

Mwanaidi, 19:24
Costco ni wazuri kwa anayeishi huko. Wanapima, wanaseti, wanasafisha bila malipo ya ziada, na una siku 180 za kurudisha. Ila Babu lazima akae kitini mwao. Hawaseti mashine kwa karatasi ya kipimo iliyotumwa kutoka Tanga. Na hizo siku 180 zitamsaidia nini mtu aliye Chumbageni, Tanga?

Idrisa, 19:26
Basi ninunue mtandaoni zilizofungwa kwenye boksi, wewe useti hapo Dar.

Mwanaidi, 19:31
Huenda ikawezekana, huenda isiwezekane. Kila kiwanda kina programu yake ya kuseti. Kliniki iliyozoea Phonak huenda haina ya Signia. Halafu kuna mashine zilizofungwa makusudi kwa ajili ya mtandao fulani wa maduka, ukizipeleka kwingine hazifunguki hata programu ya kiwanda hichohicho ikiwepo. Na dhamana mara nyingi ni ya nchi uliyonunulia: ikiharibika, boksi linarudi Marekani kwa gharama yako, na Babu anakaa wiki nyingi bila sikio.
Ukitaka kujaribu njia hiyo, pata kwanza jina kamili la modeli, uliza kliniki moja hapa kwa maandishi kama wanaiseti na kwa shilingi ngapi. Ndipo utoe pesa.

Salim, 19:33
Kuna jamaa ananishauri zile za Kariakoo, 85,000 tu. Anasema kazi ni ileile, kukuza sauti.

Shangazi Rehema, 19:35
Kazi si ileile hata kidogo.

Mwanaidi, 19:38
Angalia namba zako mwenyewe, Salim. Kulia Babu ana 40 kwenye Hz za chini na 65 kwenye za juu. Anahitaji nyongeza ndogo kwenye sauti nzito na kubwa kwenye nyembamba, kule ziliko s, f, t, k. Ndiyo maana anakwambia "nasikia unaongea ila sielewi". Kikuza sauti cha 85,000 kinapandisha kila kitu kwa pamoja: jenereta, feni, sufuria, mtu. Atasikia kelele zaidi na maneno yaleyale. Vingi pia havina kizuizi cha sauti ya juu kabisa, mlango ukibamizwa unamuumiza. Baada ya wiki anakivua anakitia kwenye mtoto wa meza.

Idrisa, 19:40
Haya, Kariakoo imekufa. Tanga au Dar? Tofauti ni 1,700,000, si ndogo.

Mwanaidi, 19:42
Salim, tupe yaliyoandikwa kwenye kila bei. Yale ya mdomo usiyahesabu.

Salim, 19:50
Dar: vipimo, moldi mbili (kile kipande cha kukaa tunduni mwa sikio, kinachotengenezwa kwa umbo lake), kuseti, ziara zote za mwaka 1, dhamana miaka 2, mashine ya kuazima ikiwa yake iko kwa fundi. Daraja la juu, linachaji.
Tanga: mashine na kuseti mara moja. Dhamana mwaka 1. Moldi 120,000 kila moja. Kila ziara 50,000. Daraja la kati, la betri.

Mwanaidi, 19:57
Sawa, tuisawazishe ya Tanga. 1,900,000 + moldi 240,000. Ziara mwaka wa kwanza zisipungue 5: wiki ya 2 au 3, mwezi wa 2 au 3, nyingine za kusafisha na kubadilisha mirija inayounganisha mashine na moldi. Hiyo ni 250,000. Jumla 2,390,000. Tofauti ya kweli ni 1,210,000, si 1,700,000.
Na sehemu ya hiyo tofauti inalipia daraja la juu ambalo Babu halihitaji.

Idrisa, 19:59
Da Mwanaidi, bei kubwa si ndiyo usikivu bora?

Mwanaidi, 20:05
Kiwanda kimoja kinatoa mashine ileile kwa madaraja matatu, manne. Kinachobadilika zaidi ni jinsi inavyojirekebisha yenyewe penye kelele, mikrofoni zinavyofuata msemaji, na vikorombwezo vya simu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis walilinganisha za daraja la chini na la juu kutoka kwa watengenezaji wawili wakubwa. Wavaaji walifaidika karibu sawa katika maisha ya kila siku.
Babu anakaa nyumbani, barazani na msikitini. Haendi mikutano ya watu 20 hotelini. Pesa iende kwenye kuseti.

Shangazi Rehema, 20:08
Sasa huko kuseti kwenyewe, tutajuaje kama wameseti au wamebonyeza tu?

Mwanaidi, 20:16
Hapo ndipo ninapopenda tukae, Shangazi, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua.
Ukiingiza kipimo kwenye kompyuta, programu inakisia mashine itoe kiasi gani. Inakisia kwa tundu la sikio la wastani, na tundu la Babu si la wastani. Kwa hiyo kuna kipimo kingine: kimrija chembamba laini kinaingizwa ndani hadi karibu na ngoma, mashine inavaliwa juu yake, spika inatoa maneno, na skrini inaonyesha sauti inayofika pale ndani. Mtaalamu anapandisha au kushusha mpaka mstari ufuate lengo. Kwa watu wazima, wengi tunakokotoa lengo hilo kwa kanuni iitwayo NAL-NL2. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.
Bila hicho kipimo, kosa la kawaida ni sauti nyembamba kubaki chini sana. Mgonjwa anasema "nzuri, hainisumbui", kumbe haimsumbui kwa sababu haifanyi kazi.

Mwanaidi, 20:18
Salim, piga simu pande zote mbili uulize hivi: "Mnapima kwa kimrija ndani ya sikio mkiwa mmemvalisha mashine?" Anayejibu "kompyuta inafanya yenyewe" umeshamjua.
Uliza pia kama kipimo chao cha kuelewa maneno ni kwa Kiswahili. Babu akipimwa kwa maneno ya Kiingereza atafeli lugha, na nyie mtadhani amefeli sikio.

Salim, 20:19
Kesho asubuhi. Sasa la kuchaji na betri. Mimi naona ya kuchaji, vidole vya Babu vimekuwa vizito.

Shangazi Rehema, 20:22
Na umeme ukikatika usiku kucha?

Salim, 20:23
Chaja nyingine zina betri yake ndani, Shangazi. Ikijaa inachaji mashine mara kadhaa bila umeme wa ukutani.

Mwanaidi, 20:29
Salim ana hoja, ila mimi bado nasimama na betri namba 13, ya stika ya rangi ya chungwa, kwenye mashine ya nyuma ya sikio yenye moldi. Sababu yangu ni joto na unyevu wa Tanga. Zile ndogo ambazo spika yake inakaa ndani ya sikio, nta na jasho vinaingia kwenye spika, na spika ndiyo ghali. Ya moldi, jasho likiingia linakaa kwenye mrija, unapuliza kwa kipulizio cha mpira. Mrija ukikakamaa au kuwa wa njano, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, unabadilishwa kwa hela ndogo.
Hesabu ya betri: namba 13 moja kama siku 10. Masikio mawili ni kama 73 kwa mwaka, yaani pakiti 12 za sita sita na moja juu. Nunueni za miezi michache tu, msilimbikize, na ziwe mbali na jua na friji.

Shangazi Rehema, 20:33
Wengi wanakosea hapa: wakibandua stika wanaitia betri hapohapo. Iache dakika 1 au 2 ipate hewa. Na kuirudishia stika hakuizuii kuisha, imeshaanza. Usiku mlango wa betri ubaki wazi, mashine ilale kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Salim, 20:34
Na vidole?

Mwanaidi, 20:36
Siku ya kuchukua, Babu aitie betri mwenyewe mara tatu mbele ya mtaalamu, na avae moldi mwenyewe mara tatu. Akishindwa, mchukue ya kuchaji na mimi ninyamaze. Si wewe utakayekuwepo alfajiri.

Idrisa, 20:41
Nauliza jambo la pembeni. Mama mkwe wangu yuko huku, wastani wake 38 masikio yote. Costco au kliniki? Kliniki wametaja 5,200 dola.

Mwanaidi, 20:46
Huyo ni habari nyingine kabisa. Yuko hapo, anaweza kurudi kila akitaka. Nenda Costco, ila waulize nao swali la kimrija, na ukihamia kliniki nyingine baadaye uliza kama mashine zimefungwa. Medicare ya kawaida, ile bima ya serikali ya wazee huko, hailipii mashine za kusikia, baadhi ya mipango ya Medicare Advantage, ya kampuni binafsi, inachangia, kwa hiyo msome kadi yake. Kama sikio moja lina mlio, au limeshuka ghafla, au yanatofautiana sana, aanze kwa daktari kwanza.

Idrisa, 20:47
Nimepata. Kumbe swali moja majibu mawili.

Salim, 11:12
Nimepiga. Tanga: "kompyuta inajiseti." Mashine ya kimrija hawana. Dar wanayo, na maneno ya Kiswahili wanayo.

Salim, 11:14
Nikawauliza Dar daraja la chini la aina hiyohiyo, la nyuma ya sikio, betri 13, huduma zilezile. Wamesema 2,450,000.

Idrisa, 11:15
Yaani elfu 60 tu juu ya Tanga?

Mwanaidi, 11:22
Ndiyo hiyo. Kabla ya kulipa chochote wakuandikie: jina la modeli na daraja, namba ya mashine zote mbili, dhamana miaka 2 na nani analipa usafirishaji zikienda kiwandani, mashine ya kuazima, idadi ya ziara, na siku za kurudisha kama hazimfai. Wakisema hazirudishwi kabisa, waambie basi mnalipa nusu wakati wa moldi na nusu baada ya ziara ya pili.

Shangazi Rehema, 11:25
Nauli ya Dar mara 5 na msindikizaji nayo mmeiweka? Basi ni saa 6 hivi kwenda, mzee hawezi kwenda na kurudi siku moja.

Mwanaidi, 11:30
Shangazi umenena, hiyo nilikuwa sijaiweka. Tuipunguze: safari ya 1 kuchukua umbo la sikio kwa silikoni. Moldi zikiwa tayari, safari ya 2 kuvalishwa na kupimwa. Safari ya 3 baada ya wiki 3. Anafikia kwangu. Kusafisha na kubadilisha mirija, Salim nitakufundisha, na lile duka la Tanga linaweza kufanya kwa 50,000 yao.
Wiki mbili za mwanzo avae nyumbani, saa chache, aongeze kidogo kidogo. Akisema sauti yake inavuma kama yuko ndani ya mtungi, tundu la hewa kwenye moldi linapanuliwa. Ikipiga filimbi akitafuna, moldi imelegea. Mashine isiyopiga filimbi hata ukiifunika kwa kiganja, angalia betri kwanza.

Salim, 11:33
Namwambia Babu sasa hivi. Jumanne ijayo inafaa?

Mwanaidi, 11:34
Jumanne saa 4 asubuhi. Aje na karatasi ya kipimo ya asili, si picha. Na masikio yaangaliwe tena Jumatatu, nta ikiwemo umbo halitoki sawa.

Idrisa, 11:36
Natuma 1,225,000 leo, nusu ya kwanza. Nyingine nasubiri ziara ya pili.