Kikundi cha familia: kifungo cha Kaka

Mama: Wanangu, kaka yenu amepiga simu leo kutoka gerezani huko Marekani. Zile dakika 15 wanazoruhusiwa zimekatika hata sijamuuliza vizuri. Anasema wenzake wawili wamepunguziwa vifungo. Mbona yeye bado?

Shangazi: Pole wifi. Kuna mtu kanipigia, anataka dola 2,000 amwingize kwenye orodha ya watakaotolewa.

Mimi: Shangazi, nakuomba usitume hata senti. Orodha hiyo haipo. Ombi la kupunguziwa kifungo linapelekwa kwa mahakama iliyomhukumu, na halina ada.

Binamu: Si nilisikia wafungwa wote Marekani wamepunguziwa?

Mimi: Siyo wote. Ni wa serikali ya shirikisho tu, waliofungwa na majimbo hawamo. Tume ya Utoaji Adhabu ya huko ilibadilisha mwongozo ambao majaji hutumia kupanga vifungo, ukaanza tarehe 1 Novemba 2023, ikakubali uwaguse hata waliokwisha kuhukumiwa. Ambaye hakuwa na alama yoyote ya makosa ya nyuma, yaani pointi zinazohesabiwa kwa hukumu za zamani, anaweza kushushwa ngazi 2 za uzito wa kosa.

Mjomba: Yeye hajawahi kushtakiwa maishani kabla ya hili.

Mimi: Ndiyo maana nina tumaini, Mjomba. Aliwekwa ngazi ya 27, miezi 70 hadi 87, akapewa 70. Ngazi ya 25 ni miezi 57 hadi 71.

Dada: Akipewa 57, ni miezi 13 pungufu!!

Mama: Ee Mungu wangu

Mimi: Mama, subiri kwanza. Kuna vizuizi. Aliyetumia nguvu au silaha hapati. Aliyeongezewa adhabu kwa kuongoza kundi hapati. Na hiki ndicho kinachoninyima usingizi: aliyewasababishia watu shida kubwa ya fedha yeye mwenyewe, naye hapati.

Mjomba: Hapo ndipo penyewe. Kuna wazee walipoteza akiba zao kwenye ulaghai ule.

Dada: Lakini Mjomba, yeye alifungua akaunti tu. Simu za kuwalaghai hakupiga.

Mjomba: Pesa zilipitia kwake, mwanangu. Kijana wetu nampenda, ila wale wazee nao nawafikiria.

Mama: Hata yeye anawafikiria. Kila akipiga anawataja.

Mimi: Hilo tumwachie wakili wa umma aliyemtetea, nitamwandikia kesho. Majibu mengi yamo kwenye ile ripoti iliyoandaliwa kabla ya hukumu. Gerezani haruhusiwi kukaa nayo, lakini anaweza kuomba aisome mbele ya ofisa. Ikitufikia tusiitume humu, ina mambo ya watu wengine.

Binamu: Na akionekana anastahili, jaji analazimika kumpunguzia?

Mimi: Halazimiki. Anaangalia uzito wa kosa, usalama wa watu, na mwenendo wake huko ndani. Kesi yenyewe haisikilizwi upya. Kwa hiyo zile kozi alizomaliza zina maana, vyeti vyote viambatanishwe.

Shangazi: Vya ufundi umeme ninavyo mimi, alinitumia kwa posta. Na yule mtu wa dola 2,000 nimeshamzuia.

Mimi: Asante sana Shangazi 🙏🏾

Mama: Niandikieni maneno ya kumwambia kuhusu hiyo ripoti, mafupi, niyasome kwenye karatasi akipiga. Nikisikia sauti yake nasahau kila kitu.