Kurudisha taya la chini nyuma: je, njia ya hewa haitabanwa?

Swali
Wakubwa, shikamooni. Mdogo wangu, mwenye miaka 22, taya lake la chini limetokeza hata meno ya chini yakapita mbele ya yale ya juu. Mkate huukata kwa meno ya pembeni. Daktari amependekeza taya hilo likatwe na kurudishwa nyuma milimita 8. Kwa kuwa amekuwa akikoroma tangu utotoni, naogopa pumzi isije ikabanwa.

Jibu la 1
Marahaba. Hofu yako ina msingi. Msuli mkuu wa ulimi umeshikizwa upande wa ndani wa kidevu, kwa hiyo taya likirudi nyuma ulimi hulifuata, na kamfupa ka hayoidi kaliko juu ya koo hushuka na kurudi nyuma, hata nafasi iliyo nyuma ya ulimi ikapungua. Mwili hujirekebisha, ila si kikamilifu kila mara. Ndiyo maana madaktari wengi hugawa mwendo huo: taya la juu lisogezwe mbele milimita 4, la chini lirudi 4. Meno yatakutana vilevile, na taya la juu huvuta kaakaa laini, likaacha nafasi zaidi nyuma yake. Muulize daktari kwa nini hakuchagua njia hiyo. Huenda ana sababu.

Jibu la 2
Mimi nilifanyiwa kinyume: taya zote mbili zilisogezwa mbele milimita 10, kwa kuwa pumzi ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 40 kwa saa nikiwa usingizini. Wiki 6 nilikunywa uji kwa bomba la sindano, na mdomo wa chini ungali na ganzi kidogo, lakini kipimo cha baadaye kilitoa mara 7.

Jibu la 3
Apimwe usingizi kwanza. Skani (picha) ya taya na koo hupigwa mtu akiwa macho, mara nyingi ameketi, kwa hiyo haionyeshi koo linavyolegea akilala chali. Pumzi ikikatika chini ya mara 5 kwa saa, hiyo ni kawaida kwa mtu mzima; kuanzia 30 ni hali kali, na mpango wa kurudisha taya nyuma itabidi ufikiriwe upya.

Muuliza swali
Ahsanteni. Mama ananiambia kwamba usiku humgeuza ubavu mara kwa mara, kwa sababu akilala chali hunyamaza ghafla, kisha hushtuka. Tutaomba kipimo hicho kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.