Kigoma, negativu za 4x5: mashine ya kukuza, kontakti, au sayanotaipu ya jua?

Ujiji_4x5

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ulinganisho wa wanaojua, si wa wanaouza. Hali iko hivi: kamera ya 4x5 (inchi nne kwa tano) yenye lenzi ya milimita 150, holda sita za kubebea filamu, filamu ni HP5 ya nyeusi na nyeupe. Chumba cha giza ni stoo ya mita mbili kwa tatu, Kigoma mjini. Haina bomba, maji yanaingia kwa ndoo. Maji ya bomba la nje yanatoka ziwani, na hata yakilala usiku kucha kipimajoto kinasoma 26. Umeme upo, ila jioni watu wakiwasha pasi na majiko, taa inafifia ukiiona kwa macho.

Kazi yenyewe ni picha ishirini za stesheni ya reli na miembe ya Ujiji, za kutundikwa ukutani. Napima njia tatu za kuchapa negativu (filamu iliyosafishwa, giza na mwanga vikiwa vimegeuzwa): mashine ya kukuza, inayoirusha kubwa juu ya karatasi; kontakti, yaani kuilaza moja kwa moja juu ya karatasi ya kawaida ya picha; au sayanotaipu, picha ya buluu inayochapwa kwa jua. Nianze na ipi, na kila moja inaharibikia wapi?

BeseniLaTatu

Anza na kontakti. Negativu inalala juu ya karatasi, hakuna lenzi ya pili ya kupoteza ukali, hakuna nguzo ya kutikisika. Unahitaji kioo safi cha milimita 6 kilichosagwa kingo, sponji bapa chini ya karatasi, na balbu ya wati 15 ya waya unaowaka ndani ikining'inia mita moja juu ya meza. Tafuta ya waya kweli. Balbu nyingi za LED za nyumbani huendelea kung'aa kidogo baada ya kuzimwa. Jicho halioni, karatasi inaona, na weupe wako unageuka kijivu.

Kipande cha majaribio: kiangaze chote sekunde 2, funika robo, ongeza 2, funika robo ya pili, ongeza 4, funika ya tatu, ongeza 8. Hapo una 2, 4, 8 na 16 kwenye kipande kimoja. Safisha kwenye dawa ya kutoa picha sekunde 60 kamili, usikitoe mapema kwa kuona kinakuwa cheusi. Ikiwa hata sekunde 2 ni nyeusi mno, pandisha balbu. Ukiizidisha urefu mara mbili, mwanga unabaki robo.

Kosa la wengi ni upande. Upande mfifu wa negativu, wenye emalsheni (utando unaobeba picha), ndio unaotazama upande unaong'aa wa karatasi. Ukiugeuza, maandishi ya ukuta wa stesheni yatasomeka kinyume, na ukali utapungua kwa sababu unene wa plastiki ya filamu, kama milimita 0.18, umekaa katikati. Miezi ya mvua utaona pia miviringo ya rangi kama ya mafuta juu ya maji, pale kioo kinapogusa mgongo laini wa filamu. Kausha kioo na negativu vizuri, na usikandamize kupita kiasi.

Lenzi150

Mkuu Beseni kasema kweli yote, ila kasahau ukuta. Kontakti ya 4x5 ni sentimita 10 kwa 12.5. Hiyo ni picha ya kushika mkononi. Ukiitundika, mgeni ataiona akiwa ameshaigusa kwa pua.

Mashine za kukuza 4x5 zinazopatikana mitumba ni kama Omega D2, Beseler 45 na Durst 138. Lenzi yake ni ya milimita 135 au 150. Ya 50 iliyokuja na mashine za filamu ndogo haifuniki negativu, pembe zitakuwa tupu. Kufika 20x25 ni kukuza mara mbili tu, na 40x50 mara nne, kwa hiyo chembechembe za filamu si tatizo hapa.

Tatizo lako ni umeme. Mwanga wa balbu ya waya haushuki sawasawa na volti, unaporomoka. Volti zikitoka 230 hadi 207, yaani asilimia 10, mwanga unabaki kama asilimia 70. Tena unakuwa mwekundu zaidi, na karatasi ya multigrade (inayobadili ugumu kwa rangi ya mwanga) hutegemea buluu kupata ugumu wake, yaani tofauti ya weusi na weupe, kwa hiyo picha inatoka nyepesi na laini pia. Utahangaika na dawa kumbe mwizi ni pasi ya jirani.

Ukinunua stabilaiza ya friji hujatatua. Ile hupanda na kushuka kwa ngazi: ikigonga "tak" katikati ya sekunde 20, karatasi hiyo imekwisha. Heri betri ya gari na inveta safi. Balbu ya wati 150 inavuta takriban ampea 14 kwenye volti 12, lakini kwa sekunde 20 tu kila picha, betri haitasikia. Na mashine nyingi za Marekani ni za volti 120, soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

La pili ni joto la taa. Filamu ya 4x5 ni pana, ikipata joto inavimba katikati na fokasi inahama. Washa taa, subiri ijikunje, ndipo ufokasi, halafu punguza tundu la lenzi hadi f/11. Kishikio cha vioo viwili kinaibana isijikunje, ila kinakuongezea nyuso nne za kukaliwa na vumbi juu ya zile mbili za filamu.

MajiYaZiwa

Nyote mmeruka maji. Maji ya Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yana magnesiamu nyingi. Kwa karatasi ya kawaida si janga, kwa sayanotaipu ni janga, maana ile buluu huvunjwa na alkali.

Inavyoonekana ni hivi: unatoa karatasi juani ikiwa na rangi nzuri ya shaba kwenye vivuli, unaitumbukiza kwenye beseni la maji ya bomba, njano inatoka, buluu inatokea, unafurahi. Dakika ya tatu mawingu yamepotea. Ya tano majani ya mwembe yenye mwanga yamepotea pia, na ukingoni kuna rangi hafifu ya ugoro. Watu hudhani hawakuianika vya kutosha, wanaongeza muda juani, vivuli vinaziba, mawingu bado yanapotea.

Dawa ni tindikali kwenye beseni la kwanza: gramu 5 za asidi ya limau kwa lita, au mililita 50 za siki nyeupe kwa lita, dakika moja au mbili. Kisha suuza kwa maji ya mvua, ukibadilisha, mpaka weupe usiwe na njano. Maji ya bati yakinge baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Karatasi nayo iwe isiyo na chokaa ndani. Za kuchorea zilizoandikwa kwamba zina kinga ya asidi zina alkali ile ile unayoikimbia.

Mchanganyiko wa kawaida: chupa A, gramu 25 za feri amoniamu sitreti ya kijani kwa mililita 100 za maji, chupa B, gramu 10 za potasiamu ferisanaidi kwa mililita 100. Changanya sawa kwa sawa siku ya kazi, paka kwa brashi laini chini ya taa ya njano hafifu, kausha gizani. Ferisanaidi isikutane na tindikali kali wala moto, na mabaki yasimwagwe ziwani.

Saa sita mchana, anza kwa dakika 8. Tumia fremu yenye mgongo wa bawaba ili ufungue nusu na kuchungulia bila negativu kuhama. Vivuli vianze kurudi kijivu cha shaba, ndipo utoe.

Mgeni_wa_Haipo

Samahanini wakubwa, kwa kontakti ni karatasi ya plastiki (iliyopakwa plastiki) au ya faiba (nyuzi tupu)? Naona bei zimepishana sana.

BeseniLaTatu

Kwa maji ya ndoo, plastiki, mdogo wangu. Dawa haiingii ndani yake, inaoshwa dakika 2. Faiba inanyonya kama chapati kwenye mchuzi: bila msaada inataka saa nzima ya maji yanayotiririka. Ukiipenda kwa sura yake, ifikse dakika moja tu kwenye fiksa mpya (dawa ya kuifanya picha idumu) ya 1+4, yaani sehemu moja ya dawa kwa nne za maji, isuuze dakika 5, iweke dakika 10 kwenye sodiamu salfaiti gramu 20 kwa lita, kisha isuuze dakika 5 nyingine. Ukiiacha kwenye fiksa dakika kumi "ili iive", haipo, yaani hiyo dawa ya fiksa, inazama kwenye nyuzi na haitoki. Baada ya muda picha inakuwa ya kahawia.

MwembeTabora

Ujiji, hizo negativu zenyewe unazisafishaje kwa nyuzi 26? Hapo ndipo kazi inapoharibika kabla hata ya karatasi.

HP5 kwenye D-76 (divelopa, dawa ya kutoa picha kwenye filamu) ya 1+1 ni dakika 11 kwa nyuzi 20. Kila nyuzi moja juu inakata kama asilimia 10. Kwa 26 unabaki na dakika 6 kasoro, na ukichanganya shiti (vipande vya filamu) kwa mkono kwenye trei, muda mfupi unaleta mistari angani. Usipambane, punguza dawa: 1+3 ni dakika 22 kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwa 26 anza na 12. Lita moja ya 1+3 ina mililita 250 za dawa asili, inatosha shiti nne, usiweke sita.

Huku kwetu Tabora kiangazi mtungi wa udongo unashusha maji vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Kando ya ziwa, msimu wa mvua, hautakusaidia kiasi hicho. Weka trei ndani ya beseni kubwa na chupa ya maji yaliyogandishwa nje ya trei, kamwe si barafu ndani ya dawa.

Lenzi150

Chupa ya barafu sikubaliani nayo kwa chumba kisicho na bomba. Atapoza divelopa hadi 20, kisha atatumbukiza filamu kwenye fiksa ya 26 na maji ya 27. Kurukaruka huko ndiko kunakokunja emalsheni kama utando wa maziwa yaliyochemka, na haukunjuki tena. Vyote viwe 26, au vyote 22. Tofauti isizidi nyuzi mbili.

MwembeTabora

Hilo nakupa. Basi vyote 26 na dawa ya 1+3. Filamu za siku hizi zinavumilia joto hilo, ila emalsheni inakuwa laini, kucha ziwe fupi. Loweka shiti moja moja kwenye maji dakika moja kwanza, zikigusana zikiwa kavu zinaganda. Kisha ya chini ipande juu, mzunguko mmoja kila nusu dakika. Vijino vya pembeni (alama zilizokatwa ukingoni mwa filamu, za kupapasa gizani) vikiwa kona ya juu kulia, shiti ikiwa wima, emalsheni inakutazama.

Mazoezi ya mkono yafanye kwa filamu ya eksirei ya kijani iliyokatwa 4x5, inaruhusu taa nyekundu na unaona unachokosea. Ina emalsheni pande zote mbili, weka kioo chini ya trei isichubuke.

MajiYaZiwa

Nyongeza kuhusu ukubwa. Asiye na mashine ya kukuza anaweza kupiga picha negativu kwa simu juu ya meza yenye mwanga, na kuchapisha negativu ya A4 kwenye plastiki angavu pale steshenari, kisha sayanotaipu ya A4. Mashine za leza hazitoi weusi wa kutosha na zina vitobo, kwa hiyo chapisha mbili na kuzipanga moja juu ya nyingine. Ya wino ni bora.

BeseniLaTatu

Hapo kamera ya 4x5 ya nini sasa? Simu ingetosha tangu mwanzo.

Lenzi150

Tena sayanotaipu hutaka negativu nzito (yenye weusi mwingi) kuliko karatasi ya fedha, ile ya kawaida ya picha, isafishwe muda zaidi kwa theluthi moja hivi. Ujiji asitegemee negativu moja kwa njia zote. Ile nzito akiipeleka kwenye multigrade itamlazimu filta 0 au 00, zile za kulainisha picha.

Ujiji_4x5

Asanteni sana wakuu. Nimechukua hivi: kila mandhari shiti mbili, moja ya muda wa kawaida na moja nzito. Kontakti kwenye karatasi ya plastiki sasa hivi, ili nijue negativu ipi inastahili kukuzwa, nikisubiri mashine ya 4x5 na inveta. Sayanotaipu kwa miembe tu, na maji ya mvua. Kioo cha fremu nina cha gari kilichotolewa mbele, ni kinene na kizuri.

MajiYaZiwa

Hicho rudisha. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati unaozuia mionzi inayofanya kazi kwenye sayanotaipu, utaanika mpaka magharibi. Kata kioo cha kawaida cha dirisha.