Warfarini au rivaroksabani kwa mama mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: tununue ipi?

Mwana Nkuhungu
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na anaishi Mpwapwa. Hivi karibuni alilazwa hapa Dodoma mjini kwa kuhema sana na moyo kwenda mbio, na alipopewa ruhusa daktari alitueleza kwamba mapigo yake hayana mpangilio, hivyo damu inaweza kuganda ndani ya moyo, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo litamletea kiharusi. Ameandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kutakiwa kurudi kupima INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani. Sasa shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasisitiza kwamba hiyo ni dawa ya zamani, na yuko tayari kumnunulia rivaroksabani, ambayo haina habari ya kupima damu kila mara. Familia imegawanyika na dawa za hospitali zinaisha Ijumaa. Naomba waliowahi kuuguza watulinganishie.

Mama wa Makole
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Lakini umetuuliza bei ya ng'ombe bila kutuonyesha ng'ombe mwenyewe. Je, mama alipigwa eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, na kama alipigwa, vali zake, yaani milango ya moyo, zilionekanaje? Figo zimepimwa? Anatumia dawa gani nyingine, zikiwemo za kununua dukani na za mitishamba? Bila majibu hayo kila mtu atakutajia dawa ya mgonjwa wake mwenyewe.

Mkondoa Halisi
Mimi niko upande wa shemeji yako. Baba yangu alianza na warfarini, na kila alipotakiwa kupima ilimlazimu kutoka kijijini alfajiri na kushinda mjini kutwa nzima, kisha majibu yakawa hayatulii: mara INR iko chini na dawa inaongezwa, mara imepanda na dawa inapunguzwa. Tangu daktari alipomhamishia kwenye rivaroksabani ya miligramu 20, anameza kidonge kimoja pamoja na chakula cha jioni na hatumpangii mboga za majani, ambazo vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini. Bei ni kubwa mara nyingi zaidi, sikatai, lakini ukijumlisha nauli na kazi za shamba zinazolala, tofauti inapungua. Tena Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019.

Mfamasia Area C
Kaka wa Kondoa, orodha hiyo iliziingiza kwa wagonjwa ambao tatizo lao la mapigo halitokani na vali, na hapo ndipo swali la Mama wa Makole linapopata uzito. Huku kwetu wako watu wengi ambao utotoni waliugua homa ya baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo, ikawaachia vali ya mitrali, moja ya vali za moyo, iliyosinyaa bila wao kujua hadi utu uzima. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hiyo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wengi walitarajia kwamba rivaroksabani ingefanya vizuri angalau sawa na warfarini, lakini waliokuwa kwenye warfarini na dawa za jamii yake ndio waliofariki wachache zaidi, na hawakutokwa na damu zaidi ya wenzao. Kwa mwenye vali bandia ya chuma hakuna hata mjadala: anabaki kwenye warfarini.

Kwa mgonjwa ambaye vali zake ni nzima, mimi mwenyewe ningependa dawa mpya, ila nazo zina masharti yake. Rivaroksabani ya miligramu 20 au 15 isipomezwa pamoja na chakula, mwili haiipokei ipasavyo. Figo zikiwa dhaifu, dozi hupunguzwa au dawa huachwa kabisa. Vilevile haikai mwilini muda mrefu, kwa hiyo anayeruka siku mbili kwa sababu fedha imekata anakuwa hana kinga yoyote.

Mzee wa Kongwa
Naomba niseme kuhusu warfarini, maana wengi mnazungumzia mboga na kupima mkaisahau hatari iliyo kwenye pakiti yenyewe. Mke wangu alikuwa akimeza vidonge vitatu kila jioni, vya miligramu moja moja, na kwenye daftari lake muuguzi alikuwa ameandika "vidonge 3" tu. Dawa ilipoisha tulikwenda kwenye duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, tukaonyesha daftari, muuzaji akatupatia pakiti nyingine bila kusema neno. Vilikuwa vidonge vya miligramu tano. Mama wa watu akaendelea kumeza vitatu kama alivyoelekezwa, yaani miligramu 15 badala ya 3. Kwanza fizi zilianza kutoa damu kila alipopiga mswaki, tukadhani mswaki ni mgumu. Kisha mkono ukavilia damu pale anapopitishia mpini wa kikapu, doa la zambarau likawa pana kama kiganja, na siku iliyofuata choo kikatoka cheusi kama lami. Tulipofika hospitali INR ilikuwa juu kiasi cha mashine kushindwa kuisoma. Alichomwa vitamini K, akaongezewa damu, akapona. Tangu hapo daftari letu linaandikwa miligramu, na pakiti mpya haifunguliwi mpaka mtu wa pili asome namba iliyoandikwa juu yake. Msidanganyike na rangi ya kidonge, kwa sababu inabadilika kulingana na kiwanda na nchi.

Kijana wa UDOM
Samahani wazee wangu, lakini si kweli kwamba warfarini ni sumu ya panya? Kwa nini mama apewe sumu wakati dawa ya kisasa ipo?

Mama wa Makole
Ni kweli iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya kupata shambulio la moyo mwaka 1955. Panya hufa kwa kipimo anachokula, na ndiyo maana binadamu hupimwa INR, ambayo kwa wagonjwa wengi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Turudi kwa mleta mada, bado hajatujibu.

Mwana Nkuhungu
Nisameheni, nilikuwa safarini. Nimeitafuta karatasi ya eko na imeandikwa kwamba vali ya mitrali imesinyaa, ila sehemu inayoeleza kiwango imefifia haisomeki. Shangazi anakumbuka kwamba mama alipokuwa binti alikuwa akivimba magoti na viwiko mara kwa mara. Majibu ya figo sijayaona. Dawa nyingine ni za kupunguza maji mwilini na diclofenac anayonunua kwa ajili ya magoti.

Mfamasia Area C
Diclofenac isitishwe leo, kwa sababu pamoja na dawa yoyote kati ya hizi mbili inaweza kumtoboa tumbo na kumtoa damu. Kwa maumivu hutumika Panadol, lakini akiitumia kila siku daktari ajue, maana nayo hupandisha INR. Flagyl, Septrin na flukonazoli ya fangasi huipandisha zaidi, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Kuhusu uchaguzi, karatasi hiyo inaelekea upande wa warfarini, lakini kiwango cha kusinyaa ndicho kitakachoamua, kwa hiyo ombeni nakala ya majibu palepale alipopimwa.

Mkondoa Halisi
Na mlenda je? Mama wa Mpwapwa atawezaje kula ugali bila mlenda?

Mzee wa Kongwa
Atakula. Sisi tuliambiwa auache kabisa, na daktari mwingine akacheka, akasema tatizo ni kula bila utaratibu: masika mboga mbichi kila mlo, kiangazi zinapotoweka INR inapanda. Ale kiasi kilekile, na msimu ukibadilika akapime mapema.

Mkondoa Halisi
Mlenda wa kukausha hauwezi kuwa sawa na mbichi.

Mama wa Makole
Majani ni majani, hata yakikaushwa vitamini K haiishi yote.

Mwana Nkuhungu
Tumekubaliana mama arudi kliniki Alhamisi, kabla dawa hazijaisha. Tatizo jipya ni kwamba shemeji ameshanunua pakiti ya rivaroksabani na ameituma kwa basi. Je, duka litakubali kuirudisha?

Mfamasia Area C
Maduka mengi hayapokei dawa iliyokwisha kutoka. Ibaki imefungwa, mwende nayo kliniki Alhamisi, na mama asizichanganye hizo mbili kwa hali yoyote. Hata daktari akiamua kumhamisha, huacha warfarini kwanza na kusubiri INR ishuke chini ya 3 ndipo aanze nyingine.